Shajara ya mradi: bakteria walao ISA katika maji ya saruji ya taka za mionzi

Swali la mradi

Mapipa ya taka za mionzi za kiwango cha chini na cha kati yana vitu vingi vya kawaida kabisa: glavu, matambara, karatasi, mbao, vichujio. Sehemu kubwa ya hivyo ni selulosi. Nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, zimepanga kuzika taka za namna hii chini sana ardhini na kuzizungushia saruji. Maji yakipenya, saruji huyapandisha pH kupita 13 mwanzoni. Baadaye chokaa iliyomo ndani yake huishikilia karibu na 12.5 kwa muda mrefu sana, kisha hushuka polepole kuelekea 10. Katika maji hayo selulosi humomonyoka yenyewe, bila kuguswa na kiumbe chochote, na kuacha asidi ya isosakarini. Hapa tutaiita ISA.

ISA ni tatizo kwa sababu hukumbatia metali. Urani au nikeli ambayo ingeganda kwenye saruji hubaki ndani ya maji na kusafiri nayo. Kwa hiyo kila molekuli ya ISA inayoliwa ni mshiko mmoja uliolegea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba bakteria kutoka lundo la zamani la taka za chokaa katika jimbo la Derbyshire hula ISA kwenye pH 10, wakitumia oksijeni, naitreti au chuma chenye chaji tatu. Kwa salfeti hawakuona ISA ikiliwa. Kutoka eneo hilohilo baadaye alitengwa bakteria aliyepewa jina Anaerobacillus isosaccharinicus.

Sisi tunarudia jaribio hilo kwa mashapo ya chokaa, kisha tunaongeza nikeli. Kazi yote inafanyika bila mionzi: nikeli ya kawaida inaiwakilisha nikeli-63, ambayo nusu-uhai wake ni karibu miaka 100 na hutokana na chuma cha pua kilichokaa ndani ya kinu. Kikemia hizo mbili ni kitu kimoja. Kila hatua inaongozwa na swali moja: kinachoonekana ndani ya chupa ni kazi ya bakteria, au ni kemia inayojifanya bakteria?

Wiki ya 1 na ya 2: kutengeneza ISA

Laktosi hidrati gramu 50 imeyeyushwa kwenye mL 500 za maji yaliyotolewa oksijeni, ikaongezwa kalsiamu hidroksidi gramu 13.5. Chupa imepulizwa naitrojeni, ikafungwa na kuachwa siku 3 kwenye joto la chumba. Kisha imechemshwa saa 10 ikiwa na kipoza mvuke juu yake ili maji yasipungue.

Chuja ikiwa moto. Chokaa ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo uyeyukaji wake hupungua maji yanapopata joto, hivyo chokaa iliyobaki hukaa juu ya chujio. Ukisubiri ipoe, sehemu yake inarudi ndani ya maji na kuchafua fuwele. Baada ya kuchuja, kimiminika kimepunguzwa kwa moto hadi mL 350 na kulazwa kwenye jokofu. Asubuhi chini kulikuwa na unga wa rangi ya krimu. Umeoshwa kwa maji kidogo ya baridi, kisha ethanoli, kisha asetoni, na kukaushwa kwenye nyuzi 50. Rangi ya kahawia ni mabaki ya sukari iliyoungua. Endelea kuosha mpaka maji ya kuoshea yatoke bila rangi, kwa sababu mabaki hayo ni chakula rahisi ambacho bakteria watakimbilia kabla ya kuigusa ISA.

Unga huu ni chumvi ya kalsiamu ya ISA ya aina ya alfa. Aina ya beta huyeyuka zaidi na imebaki kwenye maji yaliyomwagwa. Ndani ya taka halisi zote mbili zipo, kwa hiyo tunachopima hapa ni nusu ya picha, na tafsiri ya mwisho lazima ilikumbuke hilo.

Wiki ya 3: mtego wa kalsiamu

Kundi la kwanza la chupa limetupwa, na sababu inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Chumvi ya kalsiamu iliwekwa moja kwa moja kwenye mmumunyo wenye kaboneti wa pH 10. Ndani ya dakika chache kulitokea wingu jeupe kama maji yaliyotiwa maziwa, na kufikia jioni lilikuwa limetua chini na kuwa ukungu mwembamba juu ya kioo. Hiyo ni kalsiamu kaboneti, pamoja na sehemu ya fosfeti. Matokeo yake ni mabaya mara tatu: kaboneti inayozuia pH isiyumbe imepungua, fosfeti ambayo bakteria wanaihitaji imetoweka, na ukungu huo ni uso mpya wa kunasia metali. Nikeli ingenaswa humo na ungeapa kwamba bakteria wameiondoa.

Dawa ni kuigeuza chumvi iwe ya sodiamu kabla ya kuitumia. Pima gramu 3.98 za chumvi ya kalsiamu (milimoli 10), changanya na sodiamu kaboneti gramu 1.06 (milimoli 10) ndani ya maji moto, koroga saa moja, acha ipoe, chuja, kisha jaza hadi mL 100. Unapata ISA ya moli 0.2 kwa lita. Mabaki ya kwenye chujio yasitupwe: yakaushe na uyapime. Kama yote yamebadilishana, kalsiamu kaboneti inapaswa kuwa karibu gramu 1.0. Yetu jaribio la kwanza yalipungua wazi, maana maji hayakuwa moto vya kutosha na sehemu ya unga haikuwa imeyeyuka, ikarudiwa. Kipimo hiki cha mizani kinachukua dakika tano na kinaokoa miezi.

Usafishaji wa mwisho ni kwa chujio la mikromita 0.22. mL 1 ya akiba hii ndani ya mL 100 inatoa milimoli 2 kwa lita.

Wiki ya 4: mmumunyo na chupa

Kwa lita moja: sodiamu bikaboneti g 2.5, amonia kloridi g 0.25, sodiamu fosfeti (yenye hidrojeni mbili na maji moja) g 0.6, potasiamu kloridi g 0.1, pamoja na madini na vitamini kwa kiasi kidogo. Ili kufika pH 10 inahitajika karibu mL 2 za sodiamu hidroksidi ya moli 10, ikidondoshwa kidogo kidogo huku elektrodi ikiwa ndani.

Mambo mawili yanayomnasa aliyezoea kazi ya pH 7. La kwanza: mmumunyo wa kawaida wa bikaboneti hupulizwa mchanganyiko wa naitrojeni na kaboni dioksidi. Hapa usifanye hivyo. Kaboni dioksidi itaishusha pH mbele ya macho yako. Tumia naitrojeni tupu. La pili: kwenye pH 10 asilimia 85 hivi ya amonia iko katika umbo la gesi iliyoyeyuka, na ukipuliza kwa muda mrefu unaifukuza pamoja na oksijeni. Puliza kwanza dakika 30 bila amonia, funga, ndipo uiongeze kwa sindano kutoka akiba iliyokwisha kutolewa oksijeni.

Chupa ni za mL 120 zenye kizibo kinene cha mpira wa butili na kofia ya alumini. Kila moja ina mL 100 za mmumunyo na mL 1 ya tope la mashapo. Mpira wa kawaida haufai, kwani oksijeni huupenya taratibu. Kwa kila hali kuna chupa 9: tatu zenye mashapo hai na ISA, tatu zenye mashapo yaliyouawa na ISA, tatu zenye mashapo hai bila ISA. Hizo za tatu mara nyingi huachwa kwa kubana matumizi, na ni kosa. Mashapo yana kaboni yake mwenyewe, na bila chupa hizo huwezi kujua naitreti imetumiwa na ISA au na majani yaliyooza.

Kiasi cha vipokezi vya elektroni, yaani vitu ambavyo bakteria wanavipumulia (oksijeni au mbadala wake), kimekokotolewa, hakikukisiwa. ISA ni C6H12O6, na molekuli moja ikichomwa yote hutoa elektroni 24. Naitreti inayokwenda hadi gesi ya naitrojeni huchukua 5, salfeti huchukua 8, chuma huchukua 1. Kwa milimoli 2 za ISA zinahitajika basi milimoli 9.6 za naitreti, 6 za salfeti na 48 za chuma. Tumeweka naitreti 12, salfeti 10, chuma 50.

Oksijeni ndiyo iliyotushtua. ISA hiyohiyo inataka milimoli 12 za oksijeni kwa lita, yaani karibu mL 29 za oksijeni kwa chupa, ambazo ni zaidi ya mL 130 za hewa. Nafasi ya mL 20 juu ya chupa iliyofungwa haina hata robo ya hiyo. Kwa hiyo chupa za hewa zimehamishiwa kwenye flaski za mL 250 zenye kizibo cha pamba, zikitikiswa polepole. Gharama yake ni kwamba kaboni dioksidi ya hewani nayo inaingia na kushusha pH. Chupa zilizouawa zinaonyesha ni kiasi gani cha mshuko huo ni cha hewa peke yake.

Chuma

Kloridi ya chuma yenye maji sita, g 54 ndani ya mL 500, ikapandishwa pH hadi 7 kwa sodiamu hidroksidi ya moli 10. Nenda taratibu sana baada ya pH 4, na usivuke 7 hata kwa muda mfupi. Tope linalovuka hugeuka upesi kuwa aina ngumu ya oksidi ambayo bakteria wanaing'ang'ania bila mafanikio. Linaoshwa kwa maji mara sita ili kloridi iondoke. Rangi inayotakiwa ni kahawia-nyekundu iliyoiva, na tope liwe laini kati ya vidole vyenye glavu, bila chembe. Lihifadhiwe kwenye baridi na litumike ndani ya majuma mawili. Likikaa linazeeka.

Wiki ya 5: kuua mashapo

Mashapo yameuawa kwa mvuke wa nyuzi 121, dakika 30, siku tatu mfululizo. Mara moja haitoshi. Wapenda alkali wengi ni jamaa wa Bacillus na hutengeneza spora, mbegu ngumu za kujihifadhi. Katikati ya tope zito joto huchelewa kufika, na spora zilizosalia huchipua usiku. Siku ya pili unaua zilizochipua, ya tatu unaua zilizochelewa. Pamoja na hayo, chupa moja iliyouawa ya mfululizo wa naitreti maji yake yamekuwa na wingu kufikia siku ya tisa. Imeondolewa na nyingine kuwekwa. Kinachoshukiwa zaidi ni sindano na wala si mvuke, kwani wenzake wawili wa bechi ileile wako safi. Tangu sasa uso wa kila kizibo unapakwa ethanoli na kuachwa ukauke kabla ya kutobolewa.

Kuhusu rangi ya kipimo cha oksijeni: resazurini miligramu 1 kwa lita ni ya bluu, kisha waridi, kisha haina rangi pale oksijeni inapoisha. Chupa za naitreti zimebaki waridi, na hazivuji. Hatujaweka kipunguza oksijeni kama sistini au salfaidi, kwa sababu sistini ni chakula na salfaidi hupunguza chuma bila bakteria. Na pale palipo na naitreti na naitraiti (hatua ya kati naitreti ikielekea kuwa gesi) rangi haiendi hadi mwisho. Rangi ya waridi ni dalili ya mvujo kwenye chupa za chuma na salfeti tu.

Wiki ya 6 hadi ya 9: naitreti na hewa

Flaski za hewa zilianza kuwa na wingu la bakteria mapema kuliko zote. pH ndiyo ya kuangaliwa hapa: ISA ikichomwa yote kwa oksijeni, kaboni dioksidi inayozaliwa inatosha kumeza karibu kaboneti yote ya mmumunyo, na pH huanguka zaidi ya kipimo kimoja. Ikifika hapo jaribio la pH 10 limekwisha, hata kama chupa bado ina bakteria. Tunarudisha kwa hidroksidi kila pH inapofika 9.5 na kuandika kila tone lililoongezwa.

Kwa naitreti hesabu ni tofauti, kwa sababu naitreti ikiisha huacha alkali nyuma yake. Mshuko unaotarajiwa ni takribani 0.2 tu. Ukiona mshuko mkubwa kuliko huo, tafuta asetati, zao la uchachushaji: ISA imechachushwa, haikuchomwa.

Kipimo cha bei nafuu kinachosahaulika ni shinikizo. Milimoli 9.6 za naitreti zikiwa gesi zote hutoa karibu mL 11 hadi 12 za naitrojeni kwa chupa, ndani ya nafasi ya mL 20. Ukitoboa kizibo kwa sindano ya kioo iliyolowanishwa, bomba lake linasukumwa nyuma lenyewe, taratibu, na unasoma mililita. Kaboni dioksidi haisumbui, maana kwenye pH hii imebaki majini. Chupa hai zenye ISA zilisukuma bomba, zilizouawa hazikusukuma, zile zisizo na ISA zilisukuma kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachotolewa kwenye hesabu. Kumbuka kwamba kila mL 2 ya sampuli inayotolewa inafidiwa na mL 2 za naitrojeni safi, la sivyo chupa inavuta hewa.

Naitraiti ilipanda kabla ya kushuka. Katikati ya wiki ya 7 naitreti ilikuwa inakaribia kwisha ilhali ISA nyingi ilikuwa bado ipo, na aliyepima naitreti peke yake angesema kazi imekamilika. Pima zote mbili kila mara.

Wiki ya 10: chuma na udanganyifu wa naitraiti

Chuma chenye chaji mbili kinapimwa kwa ferozini, kemikali inayotoa rangi ikikutana nacho: mL 0.1 ya tope ndani ya mL 4.9 za asidi hidrokloriki ya moli 0.5, subiri saa moja, changanya na ferozini, soma kwenye nanomita 562. Tope la chupa hai limeanza kugeuka kutoka kahawia hadi kijivu cheusi, na chembe zake zinafuata sumaku inayosogezwa kwenye kioo. Hiyo ni magnetaiti, oksidi ya chuma yenye usumaku, ambayo asidi hafifu inaiyeyusha vibaya, hivyo usomaji wa saa moja unapunja kiasi cha kweli. Sampuli chache zinachimbuliwa (zinayeyushwa) pia kwa asidi kali ili kujua pengo ni kubwa kiasi gani.

Onyo kwa yeyote anayefikiria kuchanganya naitreti na chuma kwenye chupa moja: ndani ya asidi, naitraiti huoksidisha chuma cha chaji mbili upesi. Unapima chuma kidogo kuliko kilichokuwemo, na kosa limetokea kwenye kikombe chako na wala si kwenye chupa. Asidi ya sulfamiki milimoli 40 kwa lita ndani ya asidi ya kuchimbulia huiua naitraiti kwanza.

Salfeti

Hakuna kitu. Hakuna harufu, hakuna weusi, salfeti haijashuka. Inalingana na matokeo ya 2015. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya nishati: kwenye pH 10 seli inapaswa kushikilia ndani yake pH iliyo chini kuliko ya nje, ikivuta protoni ndani na kusukuma sodiamu nje bila kupumzika, na faida ya salfeti ni ndogo mno kulipia gharama hiyo kwa chakula kigumu kama ISA. Chupa hazitupwi. Zitaachwa mwaka mzima, kwa sababu ghala la taka lina muda mrefu kuliko ratiba yoyote ya maabara.

Dokezo kuhusu mionzi yenyewe

Swali linalokuja mara nyingi ni kwa nini hatutumii Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa mwaka 1956 ndani ya nyama ya kopo iliyokuwa imepigwa mionzi, na anayestahimili grei 5,000 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) wakati chache tu zinamuua binadamu. Jibu ni kwamba katika taka hizi kizuizi kikubwa kwa uhai ni alkali, na yeye si mpenda alkali. Mionzi hapa hufanya kazi nyingine isiyosemwa sana: hukata minyororo ya selulosi na kuiharakisha kumomonyoka. Ni mpishi zaidi ya kuwa muuaji.

Tena ghala halina pH moja. Kule Olkiluoto, Finland, jaribio kubwa la mapipa ya taka za kiwango cha chini ndani ya kasha la zege lililojazwa maji lilianza mwaka 1997, na limeonyesha methani ikitoka huku pH ikitofautiana kutoka kona moja hadi nyingine. Bakteria wanahitaji kona moja tu tulivu kuanzia. Chupa zetu zinazotikiswa hazina kona, na hilo linatufanya wakali kwao kuliko ghala lenyewe.

Wiki ya 12: nikeli

Akiba: nikeli kloridi yenye maji sita g 0.238 ndani ya mL 100, yaani milimoli 10 kwa lita. mL 1 kwa chupa. Nikeli ni sumu na inahusishwa na saratani; glavu, na taka zake kwenye chombo chake.

Mpangilio wa kuongeza ni muhimu. Changanya nikeli na ISA kwanza na uache usiku mzima, ndipo uiingize kwenye mmumunyo. Ikiingia yenyewe kwenye pH 10 inaganda papo hapo, na ISA inachelewa sana kuiyeyusha tena.

Kikwazo kilichogunduliwa kabla ya kuanza, bahati njema: amonia. Milimoli 4 za amonia kwenye pH hii zinaishika nikeli kwa nguvu inayoonekana, hivyo ISA ingeweza kuliwa yote na nikeli ikabaki majini imeshikwa na amonia yetu wenyewe. Mfululizo huu unatumia amonia kloridi g 0.027 kwa lita, milimoli 0.5, na fosfeti imepunguzwa vilevile. Kuna pia chupa zilizouawa zenye nikeli bila ISA, ili kuona mashapo peke yake yananasa kiasi gani.

Sampuli zitachujwa mara mbili, kwa mikromita 0.22 na kwa chujio laini zaidi la kilodaltoni 10, kwa kuwa chembe ndogo za hidroksidi hupita la kwanza na kuhesabiwa kama nikeli iliyoyeyuka. Chupa 24 zimefungwa na ziko kwenye giza, nyuzi 20. Sampuli ya siku ya sifuri imechukuliwa. Zinazofuata ni siku ya 7, 14, 28 na 56.